Gari Isiyoombwa Mzigo

Enzi zetu sisi watoto wa Mbozi, gari ilikuwa gari kama ina mgongo wa kubebea. Ile ya chini tulijua ni ya mgeni, imepotea, inaulizia njia ya Tunduma.

Kijiji kizima kilikuwa na pikapu moja, ya mkulima wa kahawa tuliyemwita Baba Tumaini. Mvua ikilainisha udongo mwekundu, tulikuwa tunaisubiri kilimani, miguu peku, kila mtu na hindi lake la kuchoma. Ikikwama tunasukuma, tope linaturukia mpaka kwenye meno, na malipo yetu ni kupanda nyuma juu ya magunia. Siku mama alipokuwa anajifungua mdogo wangu na hali ikawa mbaya, Baba Tumaini alishusha mbolea yake yote mvuani, akatandika godoro, akampeleka hospitali ya Mission. Mbolea ikayeyuka. Hakuidai hata kwa macho. Baba akaniambia, "Ukija kuwa na gari, ujue mgongo wake si wako peke yako."

Shule niliishia la tatu, lakini neno hilo nimelishika. Nimelima, nikanunua pikapu yangu.

Sasa mwanangu Lusajo, mwenye kazi yake Vwawa, anataka niiuze ninunue gari ndogo ya kutembelea. Inakula mafuta kidogo, haitikisi mgongo wa mzee. Hayo nilimsikiliza. Halafu akaitoa sababu yenyewe: "Baba, ukiwa na gari ndogo hakuna atakayekuomba mzigo."

Nimemsomesha mpaka chuo ili aje kuniambia hivyo! Vijana hawa wananunua gari iliyolala chini kama mjusi. Wakiona shimo wanashuka kulichungulia. Wakiona jirani na gunia wanapandisha kioo.

Jumamosi akaniletea mnunuzi kutoka Tunduma. Jamaa akaizunguka pikapu, akaigongagonga. Nikamuuliza Lusajo mbele yake, "Na siku nikifa, mtanikunja kwenye buti?"

Mnunuzi alicheka. Lusajo hakucheka.

Tulimpa mgeni chai, tukampeleka stendi kwa pikapu hiyohiyo. Njiani mama mmoja akatusimamisha, ana magunia mawili ya mahindi. Nikakanyaga breki. Lusajo akashuka na viatu vyake vyeupe, akaanza kuyainua.

Enzi zetu tungekuwa watoto kumi tunagombania kushika pembe ya gunia. Siku hiyo alikuwa peke yake, ikabidi nishuke nimsaidie.