Kipimo cha Barafu cha Jumamosi Ile

Ardith Purdy aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa na hakuwahi kumwacha mtoto barabarani, hata siku zile theluji ilipofika kwenye vioo vya pembeni. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu siku hizi wapo wanaomkumbuka kwa jambo moja tu.

Alipostaafu alikuja redioni. Redio yetu ya Ferrow inaendeshwa na watu wa kujitolea, chini ya ukumbi wa kijiji, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti. Mimi, Lyle, nilikaa kwenye mitambo na yeye kwenye maikrofoni, Jumatatu hadi Jumamosi, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Kiangazi, wenye nyumba za likizo wanapojaa ziwani, tunawasomea saa za kufunguliwa kwa jalala, mbwa waliopotea na mashua zinazouzwa, na Jumanne tunacheza nao bingo. Oktoba wanafunga maji, wanapigilia mbao madirishani na kurudi mjini. Tunabaki watu mia sita hivi. Hapo redio inakuwa yetu. Tunasoma misiba, tunasoma nani ameishiwa kuni, na tunasoma unene wa barafu ya ziwa.

Kuzunguka ziwa kwa barabara ni kilomita thelathini na nne. Kukatiza juu ya barafu ni tatu. Watu huenda kazini juu yake, huenda kanisani, huenda kwa wapenzi wao. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi kilisikilizwa kuliko hata habari za vita. Kilitoka kwa Elwyn Sproule, mgane wa miaka sabini na tisa aliyeishi peke yake ng'ambo, kwenye mlango wa ziwa, pale linapobana na mkondo kupita chini kwa nguvu. Kila asubuhi alitoka na keekee yake, akatoboa mashimo matatu, akarudi ndani na kupiga simu saa moja na dakika ishirini. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa simu ile.

"Umeamka, mama wa mabasi?"

"Nimeamka, mzee wa mashimo. Ngapi leo?"

"Kumi na mbili. Ngumu kama roho ya mkwe wangu."

"Wee! Unajua uko hewani?"

"Najua. Mfikishie salamu."

Kijiji kizima kilikuwa kikicheka na vikombe vya kahawa mkononi.

Mwezi Machi wa mwaka ninaousimulia, Alhamisi, Elwyn alitupa kipimo cha inchi tisa. Usiku wake ikanyesha ile mvua inayoganda ikigusa kitu. Asubuhi ya Ijumaa matawi yalikuwa yamevunjika kila mahali, nyaya zimelala barabarani, na saa moja na dakika ishirini ikapita kimya. Ardith alisema hewani kwamba hatujapata kipimo. Alifanya sawasawa kabisa.

Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya shindano la kuvua samaki kwenye barafu. Ni siku moja katika majira yote ya baridi ambapo moteli inajaa na duka la chambo linauza chochote. Ijumaa nzima walimpigia Ardith nyumbani. Barafu vipi? Watu waje au wasije? Mbona mnatutisha bure? Mwenye moteli alimwambia, "Usiku mmoja wa mvua hauli barafu ya miezi mitatu, Ardith. Acha uoga wa kizee."

Jumamosi simu haikulia tena. Niliitazama taa yake, haikuwaka. Ardith alikuwa na karatasi ya Alhamisi mbele yake. Akanitazama kupitia kioo, nami nikainua mabega. Hilo ndilo nililolifanya, nikainua mabega. Akasogea kwenye maikrofoni akasema, "Kipimo cha barafu kwenye mlango wa ziwa, inchi tisa." Hakusema ni cha lini.

Kufika saa mbili na nusu watu walikuwa gatini wakishusha vibanda na viti, watoto wameshavaa viatu vya kuteleza. Ndipo walipomwona Elwyn akija kutoka ng'ambo kwa miguu, amebeba keekee begani. Alikuwa hatua mia mbili hivi kutoka gatini. Akasimama, akaanza kupunga mikono yote miwili juu ya kichwa.

Nao wakampungia. Walifikiri mzee anasalimia. Mtoto mmoja alimwita kwa jina.

Halafu hakuwepo. Walioona wanasema hapakuwa na sauti yoyote. Palikuwa na mtu, kisha pakawa na doa jeusi la maji. Hakuna aliyeweza kumfikia, maana waliojaribu barafu iliwavunjikia, wakazama hadi magotini. Wapiga mbizi wa polisi walimtoa kesho yake.

Shindano lilifutwa. Hakuna mwingine aliyekufa. Ila neno lililozunguka kijijini, matangani, dukani, mpaka kanisani, lilikuwa hili: maskini Elwyn, macho yalikuwa yamechoka, alisoma tisa pasipo na tisa, na kosa lake likamuua mwenyewe. Walilisema kwa huruma. Walimletea Ardith kahawa wakamwambia, "Usijilaumu, wewe ulisoma alichokupa."

Ardith alikunywa kahawa ile. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake na sahani ya pai, nikijua kwamba simu haikulia, nami nikala pai. Jumatatu Ardith alisoma tangazo la msiba wa Elwyn hewani, taratibu, bila kukosea herufi.

Kiangazi kilipita. Aliongea kama kawaida, alichezesha bingo. Ila aliacha kupika na kutuletea vitu redioni, na nilipompigia honi njiani hakuinua mkono. Siku hizo nilidhani hanioni.

Jumatatu ya kwanza ya Desemba ziwa lilikuwa ndio kwanza limeshika barafu. Saa moja na dakika ishirini, taa ya simu ikawaka.

Tulikuwa tumeshapanga kipimo kitoke kwa mwenye duka la chambo, naye alikuwa amekileta kwa mkono. Hatukutarajia simu. Ardith aliipokea hewani kwa mazoea. "Ferrow, habari ya asubuhi."

Hapakuwa na mtu. Ilikuwa sauti kama upepo unaopita kwenye ufa wa mlango, na nyuma yake kitu kikigonga polepole. Kisha simu ikakatwa.

Niliandika kwenye daftari la mitambo, kama tunavyoandika kila kitu: *simu, kimya, sekunde kumi na moja.* Kesho yake ikaja tena. Na kesho kutwa. Haikukosa siku. Nilimshauri tusiipokee hewani, akakataa. "Akitaka kusema," aliniambia, "asikute mlango umefungwa."

"Nani akitaka kusema?"

Akaanza kupanga karatasi za matangazo.

Watu wakaanza kutania. Mmoja aliandika barua akisema Ardith amepata mchumba mwenye haya. Asubuhi moja ya Januari alipokea simu, upepo ukavuma, naye akasema hewani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ngapi leo, Elwyn?"

Hakuna aliyetania tena baada ya hapo. Walinisimamisha barabarani kuniuliza kama yuko sawa. Nikasema amechoka.

Katikati ya Februari, baada ya kipindi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliteremka ngazi akiwa na theluji mabegani. Nilimjua kwa kidevu kabla hajajitaja. Alikuwa Thora, binti wa Elwyn.

"Nimehamia nyumbani kwa baba," alisema. Hakukaa. "Mimi ndiye ninayepiga simu."

Ardith alishika ukingo wa meza. "Wewe?"

"Nilitaka kusema, kila siku. Nasikia sauti yako, maneno yanakwama." Akatoa daftari dogo mfukoni, la jalada jeusi, limefungwa kwa raba. "Alikuwa anaandika kila kipimo. Hiki ndicho cha mwisho. Soma."

Ardith hakulishika, kwa hiyo nililishika mimi. Mwandiko ulikuwa imara, si wa mtu aliyechoka macho. *Jumamosi. Inchi nne, tatu, tatu. Imeoza, maji juu. Simu bado imekufa, barabara imezibwa na miti. Ardith amesema tisa. Watoto watakuja. Naenda kuwaambia.*

Nilisoma kwa sauti.

"Mwaka mzima," Thora alisema, "kila nikija huku naingia dukani, wananishika mkono, wananiambia baba yangu alikosea. Baba yangu! Alipima barafu ile miaka arobaini. Hata hilo hamkuweza kumwachia?"

"Simu haikulia," Ardith alisema. "Nilisoma ya Alhamisi. Nilijua ni ya Alhamisi."

"Najua ulijua. Nataka kujua utaendelea mpaka lini."

"Na mimi nilijua," nikasema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema, na lilitoka kama neno la mtu mwingine. Thora alinitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kumtazama.

Alipokuwa anafunga koti, Ardith alimuuliza, "Ulianza lini kupiga?"

"Januari, tarehe kumi. Ndiyo siku waliyorudisha laini. Tangu mazishi ilikuwa imekatwa, nyumba tupu."

Ardith akanigeukia. Nilifungua daftari la mitambo ingawa sikuhitaji. Simu za Desemba yote zilikuwepo, kwa mkono wangu, siku kwa siku, saa moja na dakika ishirini. Thora alisoma juu ya bega langu.

"Ni makosa ya mitambo," nilisema. Nyaya zile zilikuwa zimeungwaungwa baada ya mvua, kitu chochote kingeweza kuita. Bado nasema hivyo nikiulizwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenipinga, na hakuna aliyekubali.

Asubuhi iliyofuata Ardith alikuja mapema. Hakuwa ameandika kitu. Thora alikaa kwenye kiti cha wageni, maikrofoni yake imezimwa kwa ombi lake mwenyewe. Saa moja na dakika ishirini Ardith alisema:

"Jamani, hapa Ardith. Machi iliyopita niliwasomea inchi tisa. Elwyn Sproule hakunipa tisa siku ile. Hakunipa kitu, simu yake ilikuwa imekufa. Nilichukua namba ya Alhamisi nikaisoma kama ya Jumamosi, kwa sababu nilichoka kupigiwa kelele. Yeye alipima nne, tatu, tatu. Alinisikia nikidanganya, akatembea juu ya ile barafu kuja kuwazuia watoto wenu. Hakuwa anawapungia kuwasalimia. Mwaka mzima mmesema alikosea na mimi nimewaacha mseme. Sina zaidi."

Nikafungua maikrofoni yangu, nikasema nami nilikuwepo na nilinyamaza. Kisha nikaweka muziki, maana sikujua kingine cha kufanya.

Simu ziliwaka zote kwa pamoja. Wengine walilia. Mwanamume mmoja, ambaye binti yake ndiye aliyemwita Elwyn kwa jina siku ile, alimwambia Ardith asikanyage tena kwake, na mpaka leo anavuka barabara akimwona. Mwenye moteli hakupiga. Kamati ya redio ilikutana jioni, ikazungusha maneno kwa saa mbili, mpaka Ardith akasimama akasema, "Msihangaike, jamani. Sitaki tena maikrofoni. Nipeni keekee."

Jumapili padri aliwataka watu wasimame kwa ajili ya Elwyn, wakasimama. Thora hakuwepo. Aliniambia baadaye kwamba hakuhitaji kuwaona wakisimama. Alihitaji tu waache kumshika mkono.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Vipindi vya asubuhi sasa anavisoma mwalimu mmoja mstaafu, ana sauti nzuri kuliko sisi wote, nami bado niko kwenye mitambo. Ardith ana miaka sabini na moja, na kila alfajiri ya majira ya baridi unaweza kumwona kwenye mlango wa ziwa, amejifunga kamba kiunoni, ncha ya pili imefungwa kwenye gari la Thora ufukweni. Hawaongei sana. Si marafiki, Thora amenieleza hivyo waziwazi, nami sijamuuliza tena. Mmoja anatoboa, mwingine anashika kamba.

Mwezi uliopita nilikwenda nao. Upepo ulikuwa mkali na mkondo ulisikika chini ya miguu, kama mtu anayesogeza samani katika nyumba ya jirani. Ardith alitoboa shimo la tatu, akapima, akapima tena, akainamisha sikio karibu na maji akakaa hivyo kwa muda. Nikamuuliza anasikiliza nini.

"Nyamaza, Lyle," akasema.

Nikanyamaza. Ufukweni Thora alikuwa ameikaza kamba kwa mikono miwili.

"Saba," Ardith akasema mwishowe, akainuka akishika kiuno. "Waambie saba, lakini wapite upande wa misonobari, mbali na mkondo."