Njia Iliyoishia Kwenye Nyumba ya Kwanza

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliyosimamishwa langoni mwa boma moja kule Mashuuru, Umaasaini, na bibi ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu kwa upasuaji. Aliniuliza swali ambalo mtoto wa chekechea angelijibu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nimefundisha hesabu sekondari, na swali lile lilinitoa machozi. Lakini nimeruka. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimeacha chaki nikaingia mambo ya kompyuta, nina kiofisi pale Noonkopir, Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa ikinifuata mpaka kanisani. Zahanati moja ya upande wa Mashuuru ilituomba tuweke kumbukumbu za wagonjwa wake kwenye kompyuta. Kila boma lilikuwa na hati yake. Ndani ya boma kuna nyumba, ndani ya nyumba kuna watu, ndani ya mtu kuna maradhi yake na siku alizotibiwa. Ukiichora hati ya namna hiyo unapata mti uliopinduliwa, shina juu, matawi yakishuka.

Shida ilikuwa maswali. Wakitaka kujua akina mama wajawazito, naandika programu. Wakitaka watoto ambao hawajachanjwa, naandika nyingine. Nilichoka, na mimi nikichoka huwa mbunifu. Nikaunda kile ambacho watu wa kompyuta hukiita maktaba, ingawa haina kitabu hata kimoja: ni kazi unayoiandika mara moja, kisha programu yoyote nyingine inaweza kuiazima. Wewe unaandika njia tu, boma/nyumba/mgonjwa wa macho, nayo inashuka tawi kwa tawi na kukuletea ulichotaka. Habari zilienea. Watu wa mifugo Kajiado mjini wakaiomba, shule moja nayo ikaiomba, na kila aliyeitumia alinisifu. Unajua wahenga walivyosema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Maji yangu yalikuwa haya. Mwisho wa njia maktaba ilileta wote iliowakuta, lakini katikati ya njia, penye matawi mengi ya jina moja, ilichukua la kwanza ikaendelea na safari. Haikuuliza wala haikusema kwamba imeacha mengine. Niliifanya hivyo ili iwe nyepesi, na pia kwa sababu sikuona hasara yake. Nilipoijaribu, niliijaribu kwa hati ya nyumbani kwetu, upande wa Machakos: baba, mama, watoto saba, jiko moja, Jumapili wote kanisani. Ilileta watu wote, mpaka kaka yangu ambaye hata kwenye harusi yake alichelewa. Nikapiga makofi peke yangu ofisini. Kichwani mwangu boma lilikuwa na mama mmoja na nyumba moja, basi. Na nilikuwa nimeishi Kitengela miaka kumi, nanunua maziwa kwa akina mama wa Kimaasai kila asubuhi, na sikuwahi kuwauliza wanaishije. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndipo wakaja madaktari wa macho. Kule kwenye vumbi na nzi kuna ugonjwa unaogeuza kope zikaingia ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila unapopepesa, mpaka linapofuka. Upasuaji wake ni mdogo, lakini ukichelewa hausaidii. Madaktari walikuwa na siku tatu tu. Sankale, muuguzi wa zahanati, akaniomba orodha ya wote wenye kope za namna hiyo. Niliandika njia ya mstari mmoja, karatasi ikatoka kabla chai yangu haijapoa. Madaktari wakawatibu walioitwa, wakaondoka.

Wiki mbili baadaye Sankale akanipigia simu.

"Mwalimu, niko na shida. Kuna watu wengi hawakuitwa."

"Basi hamkuwaandika," nikamjibu. "Hii kitu nimeijaribu, Sankale. Kompyuta haidanganyi mtu."

"Niliwaandika na mkono yangu mwenyewe. Kuja uone."

Naona aibu hata leo nikikusimulia. Kijana yule alikuwa ametembea boma hadi boma na daftari, nami nikamtwisha kosa langu bila hata kuangalia.

Nilienda. Ndani ya gari la zahanati Sankale alinipa ile orodha. Pembeni ya kila jina alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: nyumba ya kwanza, nyumba ya kwanza, nyumba ya kwanza, kurasa mbili nzima. Akanieleza yaliyotokea nyumbani kwa Koko Nolari, na koko kwa Kimaasai ni bibi. Huyu alikuwa mke mkubwa wa mzee aliyekwisha fariki. Mke wa tatu, Naserian, alikuwa wa umri wa binti yake. Alipoletwa akiwa bibi harusi, ni Koko aliyemfundisha kukandika nyumba, na ni mikono ya Koko iliyowapokea watoto wake wote. Majina yaliposomwa, Koko akaitwa. Naserian, ambaye macho yake yalikuwa mabaya zaidi, hakuitwa. Na kila boma lilikuwa vilevile, wake wakubwa ndani ya orodha, wadogo nje yake. Watu wakahitimisha kwamba wake wakubwa walikaa na muuguzi wakajiandika wao. Naserian akaamini. Nyumba mbili zilizokuwa zikipeana moto asubuhi hazikupeana tena, na watoto wakakatazwa kula kwa Koko.

Nitakuambia ukweli mwanangu, kwa sababu nasaha bila ukweli ni kelele. Njiani nilitafuta uongo. Ningesema karatasi za nyumba nyingine zilipotelea ofisini kwangu, na pale hapakuwa na mtu wa kunibishia. Nilikuwa nimeshaupanga vizuri gari liliposimama.

"Takwenya, Koko," nikasalimu.

"Iko," akaitikia. Hakunikaribisha ndani. Alinishika kifundo cha mkono, akanirudisha mpaka langoni.

"Simama hapa. Unaona nyumba ngapi?"

"Tatu."

"Hii ya mkono ya kulia ni yangu, mimi nilikuja kwanza. Hiyo ya kushoto ni ya yule wa pili. Ile nyingine ya kulia ni ya Naserian. Hata mtoto mdogo hapa anajua. Sasa hiyo mashine yako iliona ngapi?"

"Moja, Koko."

"Ni mashine ama ni wewe?"

Ule uongo niliokuja nao sikuuona tena. "Ni mimi," nikasema, na machozi yakaanza.

"Usililie mimi. Mimi nilitibiwa. Enda ulilie yule hukuona."

Naserian alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, mtoto mapajani, anafinya macho na kuyafuta kwa ncha ya shuka. Nikapiga magoti. Nikamwambia Koko hakumfuta mtu, Sankale hakumfuta mtu, ni kazi ya mikono yangu iliyoishia nyumba ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno kwa Kimaasai. Sankale akasita kulitafsiri.

"Anauliza, ulikuwa na kisa gani na yeye?"

Nilitamani ningekuwa na kisa. "Sikuwa na kisa," nikasema. "Sikujua kwamba yuko."

Koko alikuwa amesimama nyuma yangu, anasikia. Kisha Naserian akamwinua mtoto mapajani, akamsukuma taratibu aende kwa Koko, bibi yake.

Nilirudi Noonkopir nikaifumua maktaba. Tangu siku hiyo njia inaingia kila tawi na kuleta wote inaowakuta, na anayetaka mmoja sharti amtaje. Akitaka mmoja wakatokea wawili, kazi inasimama na kulalamika kwa sauti. Nikawapigia simu wote walioiazima, mmoja mmoja, nikawaambia majibu niliyowapa yana pengo. Wengine walicheka. Watu wa mifugo walininyang'anya kazi yao wakampa mwingine, na sikuwalaumu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Madaktari walirudi baada ya mvua za masika. Jicho la kulia la Naserian waliliwahi. La kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, na ukungu ule hautoki. Tumekuwa marafiki miaka yote hii, ananiita dada, nami kila nikimtembelea hukaa upande wake wa kulia ili anione. Hajawahi kunikumbusha.

Sasa sikia. Unapounda kitu kitakachotumiwa na watu usiowajua, usikipime kwa nyumba ya mama yako peke yake. Nenda kwa wenyewe, uketi, uulize nani mwingine anaishi hapa, na ukishajibiwa uulize tena. Jambo unalolifanya mara moja likatumika mara elfu, kosa lake nalo ni elfu. Na mtu akikuambia hakuitwa, usimjibu kama nilivyomjibu Sankale; mfuate kwanza. Kosa likiwa lako, libebe kwa miguu yako mpaka kwa aliyeumia, kabla halijageuka ugomvi kati ya watu wasio na hatia. Mimi nilibeba langu, lakini nilichelewa jicho moja.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, aikuze kazi ya mikono yako na unyenyekevu wako ukue nayo. Na popote majina yatakaposomwa, lako lisirukwe.