Kumwita Caoimhe kwa Jina Lake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jina kabla sijapewa kiti. Ilikuwa ofisi ya wakala wa mizigo huko Nansha, China, karibu na bandari, na mwenye ofisi alikuwa mama mmoja tuliyemwita Laoban, kama wanavyoitwa matajiri wote wa Guangzhou. Alilitazama jina langu kwenye pasi, akacheka. "Mwanakhamisi refu sana," alisema. "Wewe Meri." Nilikuwa nimetoka Mombasa na jina la bibi yangu mzaa baba, na siku hiyohiyo nikageuzwa Meri. Sasa nimestaafu, nawaandikia ninyi mnaoshika kazi hii leo, na jambo hilo bado linanikera.

Nansha nilikuwa mwita wateja. Kontena ikiwa tayari kufungwa, wenye mali huitwa dirishani mmoja mmoja wahakiki vitu vyao. Laoban alikuwa na njia yake: kila Mwafrika ni pengyou, yaani rafiki. Ukiita "Pengyou, njoo," marafiki wote wanainuka pamoja, wanasukumana, na mwenye mali anabaki nyuma. Nikaanza kuwaita kwa majina, wa Kongo, wa Mali, wa Nairobi. Hapo ndipo nilipoijua kazi yenyewe. Unamwomba mwenye jina alitamke. Unalirudia mbele yake mpaka atikise kichwa kukubali. Kisha unaliandika kwa herufi za Kiswahili, jinsi linavyosikika, maana Kiswahili unachokiona ndicho unachokisoma. Karatasi hiyo niliiita kadi ya sauti. Kutoka Nansha nilihamia mapokezi ya kliniki moja mjini, na hatimaye chuo cha binafsi, katika Ofisi ya Wanafunzi wa Nje, nilikokaa mpaka nikazeeka. Jina la Meri lilinifuata huko, na kwa kuwa chuoni kila mtumishi huitwa Mwalimu, nikawa Mwalimu Meri.

Chuoni nilikuwa msomaji wa majina siku ya mahafali. Msomaji husimama kando ya jukwaa na kipaza sauti. Anasoma jina, halafu anaacha kile tulichokiita pumzi: kimya kifupi ambacho ni cha mhitimu na watu wake, wapige makofi, wapige vigelegele, walie wakitaka. Siku hizi naona wasomaji wanaimeza pumzi hiyo ili wawahi chakula. Ni wizi, na nimewaambia hivyo usoni.

Mwaka mmoja alihitimu msichana aitwaye Caoimhe Ochieng'. Baba yake, Mkenya, ana duka la vifaa vya simu mtaa wa Dengfeng, wanakokaa Waafrika wengi, na hununua nguo soko la Shisanhang za kupeleka nyumbani. Mama yake alikuwa mwalimu kutoka Ayalandi, na alifariki binti akiwa mdogo. Jina ni la Kigaeli, lugha ya kale ya huko kwao. Nilikwenda dukani mwenyewe na kadi yangu.

"Mama, kuliandika hunishinda mpaka leo," Ochieng' aliniambia, "lakini kulisema, hapo huniwezi. Mama yake alinifundisha akiwa amelala hospitali. Kila nikienda ananiambia, sema tena. Kwao kusini ni Kwiva. Kuna wenzao wa kaskazini wanasema Kiva, na si makosa, lakini yeye alikataa Kiva kabisa. Hii ndiyo kitu alimwachia huyu msichana, Mama. Hakuna ingine."

Basi jifunzeni. C hapo ni K. Zile a, o na i zinazofuatana hutoa sauti ya "wi" kwa watu wa kusini, au "i" tupu kwa wa kaskazini. M na h zikikaa pamoja katikati ya jina hili ni V. E ya mwisho ni "a" laini. Kwi-va, na mkazo unakaa mwanzoni, palepale ambapo Mswahili angeuweka bila kufundishwa. Na kwa kuwa njia zote mbili ni sahihi, kitabu hakitakusaidia kuchagua. Muulize mwenyewe.

Wala halikuwa jina gumu. Kwa desturi yetu ya kumwita mzazi kwa mwanawe, Dengfeng yote ilimjua Ochieng' kama Baba Kwiva. Mpika pilau alimwita hivyo, Mkongo wa kubadilisha fedha alimwita Papa Kwiva, na Xiao Lin, karani mwenzangu Mchina, alilipata mara ya kwanza tu nilipomwonyesha kadi.

Aliyeshindwa ni Mkuu wa Ofisi, na hakushindwa kwa ulimi. Hakutaka. Siku ya mazoezi ya mahafali alisimama mbele yangu na kalamu. "Huyu asomwe Keli," alisema.

"Haitwi Keli."

"Ni jina rahisi. Wageni rasmi watalielewa. Nani atajua?"

"Yeye atajua. Na baba yake."

"Mwalimu Meri, sherehe si ya mtu mmoja."

"Pumzi yake ni ya mtu mmoja," nilimjibu. "Mimi Keli sisomi."

Huyu ni mtu ambaye ukiteleza katika jina lake mwenyewe la Kichina, ukapandisha sauti pale inaposhuka, anakurekebisha mbele za watu mpaka ulipate. Alijua vizuri jina ni nini. Alichoamua ni kwamba la kwake lina thamani na la binti wa watu halina. Aliniondoa kwenye kipaza sauti papo hapo, akaniweka mlangoni kugawa maji.

Siku ya mahafali nilisimama mlangoni na katoni za chupa. Dengfeng walikuwa wamekuja kwa wingi, wamevaa wakapendeza, wamejaza viti vya nyuma. Mkuu alisoma majina mwenyewe. Alipofika, akasema, "Keli Ochieng'."

Hakuna aliyeinuka. Nilimwona msichana katika safu yake, mikono juu ya mapaja, anatazama mbele. Mkuu akarudia, "Keli Ochieng'." Msichana hakutikisika. Wenzake walianza kumgeukia, na nilijua amekata shauri: kuliko kupanda jukwaa kwa jina hilo, atakaa pale mpaka watu watawanyike. Mkuu akasema "Mei you," yaani hayupo, akafungua ukurasa unaofuata.

Ndipo Baba Kwiva aliposimama kule nyuma. Hakupiga kelele. Alimwita kama anavyomwita akiwa dukani na chakula kiko mezani. "Kwiva."

Msichana akainuka. Alitembea mpaka jukwaani bila kumtazama Mkuu, na Dengfeng wakampa pumzi yake yote, makofi na vigelegele, hata Mkuu akalazimika kungoja.

Watu hunisimulia kisa hiki wakitabasamu, kana kwamba kilikwisha vizuri. Mimi nililia mlangoni pale, na nililia kwa hasira. Mwanamume aliyefundishwa jina hilo na mkewe anayekufa alikuja akae, aitiwe mwanawe kwa heshima. Badala yake alifanya kazi yangu, na mimi nipo, mikononi nimeshika maji. Mkuu hakuomba radhi. Mwaka uliofuata alileta kompyuta isome majina, na kompyuta haiwezi kumwona mtu akikataa kwa kichwa.

Siku yao ya kuniaga ilifika, nami nikawekwa kiti cha mbele. Mkuu alisema maneno mengi matamu juu ya utumishi wangu, akainua zawadi, seti ya chai ndani ya sanduku jekundu, akasema, "Namwita Mwalimu Meri."

Nilibaki nimekaa.

Akaita tena. Xiao Lin, ambaye hajawahi kuniita Meri hata siku moja, aliniinamia. "Mwanakhamisi-jie," akanong'ona, kama wanavyomwita dada kwao, "wanakuita wewe."

"Hawajaniita," nikamwambia.

Mikono yangu ilikuwa juu ya mapaja, kama ya yule msichana. Mkuu akaliweka sanduku chini, wakaendelea na chakula. Xiao Lin ananiambia liko mpaka leo juu ya kabati la ofisi, linamngoja Meri.