Kabati la Bunduki Chumbani Mwangu

Baba aliamua kwamba kabati la bunduki litakaa chumbani mwangu, na hakuniuliza. Alimwambia Mama, na Mama akaniambia nikiwa napiga mswaki, kwa sauti ile ya kusema kuna mgeni atalala kwetu.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuna kitanda, meza, dirisha linalotazama maegesho ya magari, na pahali pa kutundika nguo pasipo na mlango. Lakini kina kitasa. Mimi ni mtu ambaye shuleni naweza kumaliza wiki bila kusema neno isipokuwa "nipo" tunapoitwa majina. Nikirudi nyumbani na kufunga ule mlango, ndipo napumua. Hicho ndicho Baba alichotaka kuchukua, na sitajifanya kwamba nilimwelewa. Nilimchukia. Niliandika hivyo humu daftarini, na siku iliyofuata nikaandika tena kwa herufi kubwa.

Ilianza wakati wa baridi. Mvua ya barafu iliangusha nyaya, stima ikapotea mtaa mzima, hapa kwetu North York, huku ughaibuni. Lifti zikafa, na maji nayo yakaisha, maana pampu zinatumia stima hiyohiyo. Baba alikuwa kazini Malton, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na mabasi hayakuwa yakitembea. Mama ni nesi kwenye makao ya wazee. Wenzake walishindwa kufika, kwa hiyo akaambiwa asitoke. Nikabaki peke yangu ghorofa ya kumi na nne, na makoti mawili juu ya nguo za kulalia, nakula mkate na siagi ya njugu, nasikiliza watu wakigongana kwenye ngazi gizani. Baba alipofika hatimaye, alikuwa amepanda zile ngazi zote kwa miguu. Aliniona, akaketi sakafuni na viatu vyake vyenye theluji.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kutazama zile video za wanaume wenye ndevu wanaofundisha namna ya kuishi dunia ikiharibika. Mwanzoni sikuwa na neno. Alinunua madumu ya maji, mchele, jiko dogo la gesi, tochi ya kuzungusha kwa mkono. Kisha wale wenye ndevu wakamwambia kwamba maji na mchele bila bunduki ni kuwawekea wengine akiba. Akaenda kwenye mafunzo, akafaulu mtihani, akatuma maombi ya leseni. Alipokuwa akingoja jibu, akaanza kuchagua.

Nyumbani kwetu mtu hachagui kitu peke yake. Kila Jumapili baada ya ibada wanaume wawili watatu wa kanisani walikuja, na mimi nikawa wa kupeleka chai. Yaani unaingia na trei, unasalimia kila mmoja kwa mkono, unaulizwa habari za shule, unasema nzuri, unatoka. Wakati wa kuzunguka na sukari nilisikia kila kitu. Kuna mmoja anayeendesha lori hadi kaskazini kabisa, mwenye sauti ya kujaza nyumba. Yeye alitaka Baba anunue bunduki kubwa, ya kuangusha dubu au kongoni wa huku, akasema kwa mnyama mmoja mtakula hadi baridi iishe. Baba akamjibu kama mwalimu. Alisema risasi zake ni nzito, ni ghali, na inapiga teke bega. Akasema video zote za maana zinashauri ile ndogo, ambayo risasi yake ni nyembamba kama penseli, unabeba mia tano ndani ya mfuko wa koti, na sungura ni wengi kuliko dubu. Mwingine akapendekeza ile inayotawanya vichembe, kwa ajili ya ndege. Wakabishana hadi chai ikapoa. Nyingi walizozitaja zilikuwa zimeshapigwa marufuku, na Baba alijua hilo, lakini alizitaja kwa upole kama mtu anayetaja marehemu.

Mama alikuwa jikoni anakata sukuma wiki. Alitokea mlangoni na kisu mkononi.

"Hao sungura wako wapi, mzee? Ama utaenda kuwinda wale bata wa pale chini, wa maegesho?"

Wageni wakacheka. Baba akasema msitu uko umbali wa saa chache tu kwa gari.

"Na stima ikipotea," Mama akasema, "utaipiga risasi irudi?"

Baba akanywa chai yake iliyopoa. Mama hakusema zaidi mbele ya wageni, lakini alisema baadaye, na sharti lake lilikuwa moja tu: kitu hicho kisiingie chumba anacholala yeye. Sheria inataka bunduki ifungiwe, bila risasi ndani. Sebuleni kila mtu ataliona kabati. Kwa hiyo kwa hesabu yao wawili pakabaki kwangu. Nilimwambia Baba sitaki. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo najua ni ndogo, na yeye alikuwa na vidude vya kusikilizia masikioni. Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akaendelea kutazama simu.

Kabati lililetwa Jumamosi. Ni la chuma cha kijivu, refu kunishinda. Nguo zangu zikahamishiwa ndani ya sanduku la safari chini ya kitanda. Leseni ilikuwa haijafika wala bunduki haijanunuliwa, lakini Baba akawaita watu waje waombee kabati.

Labda mtu mwingine angeshangaa. Sisi tunaombea kila kitu kipya. Gari linaombewa, friji inaombewa, kompyuta yangu ya shule ilipakwa mafuta hadi kibonyezo kimoja kikaanza kunata. Basi Jumapili ile mama mchungaji alikuja na waimbaji kadhaa na yule wa lori, na wote wakaingia chumbani mwangu. Wawili waliketi kitandani. Mtu alisimama juu ya zulia langu na soksi mbichi. Mwingine akasogeza daftari hili ili aweke kikombe. Nilisimama pembeni mwa dirisha nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mikono ya sweta.

Wakaimba pambio. Mama mchungaji akaweka mkono juu ya chuma, akaangaza macho, akaniona.

"Wewe ndiye mwenye chumba. Tuombee, mwanangu, hata neno moja."

Nikasogea hatua moja kutoka dirishani. Wote wakafumba macho. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyekuwa akinitazama, na kwamba mtu akiomba hakatizwi.

"Mungu Baba, asante kwa siku ya leo," nikasema, nami nikafumba macho.

"Ndiyo Bwana," wakaitikia.

"Asante kwa wageni na kwa chai. Mungu, mimi sitaki kabati hili hapa. Hakuna aliyeniuliza."

"Ndiyo Bwana," akasema yule wa lori, kwa mazoea, kisha akakohoa.

"Stima ilipopotea sikuogopa wanyama, na sikuogopa njaa. Mkate ulikuwepo. Niliogopa kwa sababu hakukuwa na mtu. Naomba hiki kitu kitoke. Katika jina la Yesu."

Mtu mmoja akasema amina. Nilipofumbua macho, Baba alikuwa ananitazama, uso umemvimba. Mama alikuwa akitazama dari.

"Mtoto ameomba," mama mchungaji akasema, akaondoa mkono wake kwenye chuma.

Yule wa lori akauliza kwa sauti ya chini kama ashike upande wa juu au wa chini. Wakalitoa wakiwa wanne, wakilikwaruza kwenye fremu ya mlango, wakaliingiza chumba cha wazazi wangu. Hakuna aliyemaliza chai.

Wageni walipoondoka Baba alinikuta jikoni.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungesema."

"Nilisema. Ulikuwa ukitazama video."

Akatia simu mfukoni. Akaenda zake.

Jioni hiyo Mama aliingia kwangu na mto wake na blanketi. Akaniambia nisogee. Alisema yeye na Baba walikubaliana, na yeye halali na chuma, hata kama ndani ni hewa tupu. Tangu hapo yuko hapa. Anakoroma, na simu yake inalia alfajiri akiwa na zamu ya mapema. Leseni bado haijafika. Mama amesema watu wa leseni humuuliza pia mke wa mwombaji, na wakimpigia atawaambia anavyofikiri. Baba analala na kabati lake.

Juzi nilimuuliza Mama atarudi chumbani kwao lini.

"Muulize baba yako atalitoa lini," akasema, akageukia ukuta.

Kwa hiyo lazima niende kumwambia Baba tena, na safari hii atakuwa amefumbua macho.