Maji ya Matanga ya Fanuel

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Rongo, Risper tunamwita Mama Klorini, na si kwa heshima sana. Tulimchagua wenyewe barazani awe anajaza dawa ya maji kwenye tangi la bluu kando ya chemchemi. Unaweka mtungi, unafungua koki, dawa inadondoka, kisha unachota maji chemchemini. Kazi yenyewe haina mshahara, ndiyo maana hakuna aliyeigombania.

Sasa mvua ya mwezi wa tatu imekosa mara mbili mfululizo na chemchemi imekauka. Tangi limejaa dawa, limesimama mbele ya tope gumu kama mlinzi wa duka lililofungwa. Sisi tumehamia bwawani, tunakunywa pamoja na ng'ombe. Risper hutufuata huko na chupa ya dawa na leso kuukuu ya kuchujia. Wengi humkwepa.

Shemeji yake, Fanuel, alipofariki, maji ya matanga yalitoka bwawani humo. Risper akaja na chupa yake. Stanley, mkubwa wa boma, akamzuia mlangoni pa jikoni.

"Hapana, shemeji. Wageni wanatoka mpaka Rusinga. Wakunywe maji inanuka hospitali? Watasema nini juu yetu?"

"Joyline alikunywa maji haina harufu."

Joyline alikuwa dada yake Risper. Mwezi wa pili alikwenda matanga ng'ambo ya kilima, akarudi anahara, na kabla ya Jumapili tukamzika.

"Yawa! Hiyo ilikuwa kolera," Stanley akasema. "Haikuwa maji."

Wanaume walipokwenda mochari kuleta mwili, Risper alichuja maji ya mapipa yote, akatia dawa, akaketi hapo kuyalinda. Wageni walikunywa wakikunja nyuso. Stanley alishika maikrofoni, akaomba radhi mbele ya jeneza kwa ajili ya "mmoja wa wake wetu asiyesikia." Watu wakacheka. Risper aliinamia sufuria, na mimi roho iliniuma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona kwa mgeni mwenyewe hawakukutaja.

Baada ya mazishi alipita nyumba hadi nyumba kila asubuhi, akiuliza habari za matumbo. Alikuwa amekonda kwa hofu. Kila alikouliza, watu walikuwa wazima.

Wiki iliyofuata Stanley alimkuta bwawani. Alikuwa na furaha tele.

"Umeona sasa, shemeji? Nimepigia watu mpaka Rusinga. Hata mtu moja hajaugua! Si nilikuambia maji yetu haina shida? Matanga ingine wacha hiyo dawa yako."

Risper alimtazama. Alikuwa amechoka hata kukasirika. Akaikung'uta leso, akaitandaza kwenye mdomo wa mtungi wa Stanley, akaanza kumchujia.