Siku Wouter Alipowarudisha Farasi Nyuma

Wouter Jorissen alizaliwa zizini. Mama yake alikuwa akiwanywesha farasi maji uchungu ulipomshika, na mtoto hakungoja afikishwe nyumbani. Alikua mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka, na watu wa mji wa Den Haag, Uholanzi, walizoea kusema kuwa farasi wanamwelewa kuliko mkewe Machteld anavyomwelewa. Machteld mwenyewe hakubisha.

Mji ulijaa mabalozi miaka hiyo, na mtu wa farasi hakukosa kazi. Wouter aliendesha gari la balozi wa mfalme mmoja wa kusini, mzee mwembamba aliyependa manukato. Hidde Feikes, aliyemwoa Lijsbet, mdogo wake Machteld, aliendesha la balozi wa mfalme wa kaskazini. Wafalme hao hawakupikika chungu kimoja. Lakini wanyumba hawa wawili, waume wa ndugu wawili, walikaa nyumba moja, wakala sufuria moja, na jioni wakacheza karata na kuibiana. Hidde ndiye aliyeiba zaidi.

Asubuhi moja baridi ilipoanza kulegea, magari yao yakakutana ana kwa ana katikati ya daraja la mfereji, mahali ambapo hata mikokoteni miwili ya samaki haipishani.

"Mwambie arudi nyuma," balozi akasema kutoka ndani.

"Hidde!" Wouter akapaza sauti. "Bwana wangu anasema urudi!"

"Na wangu anasema urudi wewe!"

"Haya. Lile jibini uliniachia?"

"Nilimaliza, mwanyumba. Nisamehe."

Balozi hubeba heshima ya mfalme wake popote aendapo. Kumpisha mwenzake mbele ya watu ni kama mfalme mwenyewe kupiga goti, na mabwana hawa walikuwa radhi kulala pale pale darajani. Askari wa mji akaja mbio, akamwamuru Wouter ashuke.

"Nishushe wewe basi," Wouter akamjibu kwa raha. "Mimi mtu wa balozi, sheria ya mji wenu hainishiki. Ukinigusa mimi umemgusa mfalme."

"Mfalme gani ananuka samadi!" askari akang'aka, lakini mikono akairudisha nyuma.

Watu wakafurika kingo zote mbili. Wauza maandazi wakafanya biashara. Mchana Machteld na Lijsbet wakaja na sufuria ya mbaazi, wakawalisha waume zao palepale walipoketi, huku mabalozi wakinusa harufu kwa dirisha na kujifanya hawana njaa.

Hatimaye wazee wa mji wakamwita Daktari Everhard Sluiter, mwalimu wa sheria katika chuo cha Leiden, mji wa jirani, aliyekuwa mjini kumtembelea dada yake. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alipanda daraja akihema.

"Waheshimiwa," akaanza, "kabla hapajawa na mahakama duniani, watu walikuwa sawa kwa maumbile. Hakuna aliyezaliwa bwana wa mwenzake. Wafalme wangali hivyo wao kwa wao mpaka leo, hawana hakimu juu yao. Kwa hiyo hakuna awezaye kumlazimisha mmoja wenu ampishe mwingine."

"Sasa umetusaidia nini, baba?" muuza samaki mmoja akauliza kwa sauti, na watu wakaangua kicheko. Daktari naye akacheka.

"Kuna kitu kimoja kimebaki, mama. Ahadi. Walio sawa wanaweza kuahidiana, na ahadi ikishatoka inafunga, hata pasipokuwa na wa kuwaadhibu. Ngoma ilie, kila gari lirudi hatua moja. Ilie tena, hatua nyingine. Wanarudi pamoja, hakuna aliyempisha mwenzake."

Mabalozi wakafikiri, njaa nayo ikawasaidia. Wakatoa mikono madirishani, wakaapa.

Watu walipokuwa wakiondolewa nyuma ya magari, Wouter akasikia sauti ya balozi wake ikinong'ona mgongoni pake. "Ngoma ikilia, usitikisike. Mwache yule aanze. Nataka niandike kwamba alirudi kabla yangu."

Ahadi ameitoa bwana, lakini mikono ya kuivunja ni yake yeye Wouter. Akamtazama Hidde kule mbele. Mtu aliyemwibia karata kila jioni! Akibaki yeye nami nikarudi, Wouter akawaza, nitapoteza kazi, na mji mzima utanicheka mpaka nizikwe.

Ngoma ikalia.

Wouter akavuta hatamu. Farasi wakarudi hatua. Alipoinua macho, farasi wa Hidde walikuwa nao wamerudi, na Hidde amekuwa mwekundu kama kaa la moto. Watu wakashangilia. Ndani ya gari balozi akagonga paa kwa fimbo kana kwamba anapiga nyoka, lakini ngoma ikalia tena, na Wouter akavuta tena.

Jioni wakaketi mezani.

"Wouter," Hidde akaanza, "bwana wako hakukwambia kitu? Pale kabla ya ngoma?"

"Kitu gani?"

"Kuhusu... kukaa tuli."

Wouter akaweka kijiko chini. "Na wewe pia!"

Wakacheka mpaka Lijsbet akalazimika kumpiga Hidde mgongoni asije akapaliwa.

"Lakini karata unaniibia!" Wouter akasema akijifuta machozi.

"Karata sikuwahi kukuahidi kitu, mwanyumba."

Siku ya pili Wouter akafukuzwa kazi. Bwana wa Hidde akameza hasira yake, akamwacha Hidde kazini. Miezi ile ya kwanza ilikuwa migumu. Wouter alibeba makaa ya udongo wa kinamasi uliokaushwa na kurudi nyumbani mweusi. Kisha Daktari Sluiter akapata habari nzima, akamtafutia kazi ya kuongoza farasi wanaovuta mashua ya abiria mferejini kwenda Leiden. Aliipenda kuliko ile ya kwanza. Abiria walizungumza naye, na hakuna aliyemnong'oneza mgongoni.

Mwaka mmoja Daktari akamwalika darasani, kwa kuwa kisa cha daraja alikuwa akikisomesha. Wanafunzi walibishana sana: je, mtumishi aliyemkaidi bwana wake ili kutimiza ahadi ya bwana huyohuyo, alitenda haki? Wouter akaketi nyuma, amevaa shati alilofuliwa na Machteld. Somo lote lilikuwa kwa Kilatini, hakuelewa neno. Lakini jina lake lilipotajwa alilisikia vizuri. Akasimama, akavua kofia, akawainamia wote, na wanafunzi wakapiga madawati kwa ngumi mpaka wino ukamwagika.