Upande wa Mlima Ulioingia kwenye Sarafu

Jambo lote liligharimu shilingi mia saba, kuku jike wawili, na kama miezi minne ya watu kupishana njiani bila salamu. Kamati ya shule itakuambia ni mia tano na ishirini. Kamati ilihesabu mara moja. Nauli zangu za Mombasa sizitii humo, kwa sababu kila safari nilirudi na sufuria za kuuza, na sufuria hazijawahi kunitia hasara.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa nakaa Kaloleni, hapa Voi, na meza yangu ya sufuria na vikombe sokoni. Nimezaliwa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Nimeolewa Kasigau hukohuko, ila upande wa pili kabisa wa mlima, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa kuwa tumepatana juzijuzi tu. Mlima wenyewe umesimama peke yake katikati ya nyika, na sisi tumeuzunguka kama watu waliozunguka sinia moja. Ukitaka kujua mtu wa kule anatoka kijiji gani, mpe karatasi achore mlima. Kwetu Makwasinyi bega kali liko mkono wa kulia, na lile linaloshuka polepole liko kushoto. Kwa mume wangu bega kali liko kushoto. Mlima ni uleule, ni wewe umehama.

Shule iliyochukua watoto wa vijiji vitano ilikuwa inasherehekea miaka yake, na paa lilikuwa linavuja. Mwalimu mkuu, ambaye kwao ni huko juu Wundanyi na alikuwa hajui anachochokoza, akaleta wazo: tutengeneze sarafu ya ukumbusho, mia mbili, tuuze shilingi tano kila moja, faida inunue mabati. Upande mmoja jina la shule. Upande wa pili picha. Jina lilichukua dakika kumi. Picha ilichukua miezi miwili.

Mimi niliitwa kwenye kamati si kwa sababu ya elimu. Walitaka mtu wa kwenda kupatana bei na mafundi wa Mombasa. Sikuwa na kura, nilikuwa na mdomo tu.

Kwanza alikuja bwana mmoja wa halmashauri, amevaa tai kwenye jua lile, akatueleza kwamba mambo ya sarafu ni mambo ya serikali na wananchi hawajichagulii picha ovyo. Akapendekeza tembo, watalii wangependa. Mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akasema, bila hata kuinuka, "Huyo amemaliza shamba langu la mahindi juzi. Sasa nimbebe na mfukoni?" Tembo akaishia hapo. Bwana wa halmashauri akanywa chai, akaondoka.

Mlima ulipita kwa kauli moja, tukapiga makofi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kupiga makofi. Mkutano uliofuata wajumbe watano walileta michoro mitano, na kila mmoja akaangalia ya wenzake na kuuliza huo ni mlima wa wapi. Mjumbe wa kijiji chenye shule alisema aamue mwenye kiwanja. Mwingine akasema aamue aliyetoa mawe ya msingi. Wa tatu alisema aamue mwenye watoto wengi darasani, akaanza kuwahesabu, na watoto wake mwenyewe akawahesabu mara mbili, nikamwona. Mwalimu alijaribu kusema kwamba mlima ni mmoja. Akaambiwa kwa heshima zote kwamba yeye ni mgeni.

Mwisho walitia punje tano za mahindi kwenye kofia ya mwalimu, nne nyeupe na moja nyekundu, wakachota. Nyekundu ikaenda kwa mjumbe wa Makwasinyi. Wakasema kofia ilitikiswa vibaya. Wakachota tena, ikaenda Makwasinyi tena. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili nilifurahi kimoyomoyo.

Furaha yangu ilikuwa na sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa nyumbani Makwasinyi, imeketi mlangoni. Mama yangu macho yalikuwa yameingia ukungu. Ulikuwa mwaka wa tatu hajauona mlima, naye alikuwa ameketi chini yake. Kuhamia kwangu Kaloleni alikataa, alisema huko ni treni na majirani wa kutoka bara wanaocheka kwa sauti. Aliposikia habari ya sarafu aliuliza swali moja tu, kama picha itakuwa imeinuka au imechorwa tu kama barua. Nikamwambia nitahakikisha imeinuka. Akauza kuku wake wawili ili alipie yake kabla ya mtu yeyote. Alisema basi ataushika kwa kidole gumba, kila asubuhi, kama zamani alivyokuwa akiuangalia kabla ya kuwasha moto.

Fundi nilimpata kwenye uchochoro wa Mombasa, mzee wa kuchonga mihuri na medali za mpira. Kazi ilivyokuwa ni hivi: anachonga picha kwenye kipande cha chuma, halafu chuma kile kinagongwa juu ya shaba, sarafu moja baada ya nyingine. Alitaka shilingi mia saba. Nilicheka, nikaondoka, nikarudi, nikakaa, nikamwambia habari ya watoto kunyeshewa, nikaondoka tena. Tulikutana kwenye mia tano na ishirini, na picha imeinuka vizuri.

"Kwa bei hiyo sampuli haimo, mama," akasema. "Nagonga zote, unakuja unachukua."

"Sampuli ya nini, fundi? Mlima unaujua."

Hakuwa ameuona hata siku moja. Nilimwachia mchoro wa Makwasinyi na malipo ya mwanzo.

Baada ya wiki tatu nikazichukua. Zilikuwa kwenye mfuko wa turubai, zinang'aa. Nilizihesabu pale dukani, mia mbili. Nikazihesabu tena kwenye basi, mia mbili. Kuziangalia sikuziangalia. Nilishuka Maungu, nikapata lori la kwenda Kasigau, na kesho yake ilikuwa sherehe, kwa hiyo nikapitia kwa mama kwanza ili apate yake kabla ya watu.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba juu ya herufi, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Akaigeuza. Kidole kikapanda mlima taratibu, kikafika juu, kikashuka. Akarudia. Nikaona uso wake unafunga.

"Mwanangu, huu ni mlima wa kwa mume wako."

Nikasema haiwezekani, ni mchoro wetu, niliubeba mwenyewe. Nikaichukua, nikasimama mlangoni, nikaangalia sarafu, nikainua macho nikaangalia mlima. Bega kali la mlima kulia. Bega kali la sarafu kushoto.

Kama umewahi kuugeuza muhuri wa chifu ukautazama kwa chini, umeona herufi zake ziko kinyumenyume, ndiyo maana kwenye karatasi zinasomeka sawa. Chuma cha sarafu ni vivyo hivyo. Fundi alizichonga herufi kinyume, kazi nzuri. Mlima akauchonga ulivyokuja kwenye karatasi, na shaba ikaugeuza.

Kesho yake sikuwa na la kufanya ila kufungua mfuko. Watu wa kijiji cha mume wangu waliutambua mlima wao kabla sijaweka bei. Waliimba. Wifi yangu alinibusu mbele ya umati mzima, akaniita mke mwenye faida, na kila busu lilinizidishia kesi upande wa pili. Mjumbe wa Makwasinyi alinunua moja, akaiweka kiganjani, akaniambia polepole ili wote wasikie:

"Sisi tulichagua kwa mahindi. Wewe umechagua kwa kitanda."

Nilieleza habari ya muhuri. Nilieleza mara mbili. Mwalimu peke yake ndiye aliyeelewa, naye alikuwa anacheka, kwa hiyo hakunisaidia. Zote mia mbili ziliisha jioni ileile, nyingi zikaenda kwa wakwe zangu, mabati yakapatikana. Kwa hesabu ya kamati tulikuwa tumefaulu.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Sarafu aliiweka juu ya kabati la vyombo, akaendelea kuketi mlangoni na mikono mitupu. Nilikaa naye siku mbili nikijaribu ujanja. Nililoweka kipande cha sabuni ya kufulia mpaka kikawa laini, nikaikandamiza sarafu, nikaitoa. Mlima ukabaki kwenye sabuni, bega kali liko kulia kama kwetu. Nikampa. Kidole kikaingia ndani.

"Upande ni wetu," akasema. "Lakini hili ni shimo."

Nikamimina nta ya mshumaa kwenye lile shimo, nikangoja, nikabandua. Ulitoka mlima ulioinuka, safi kabisa, na ulikuwa wa upande wa mume wangu. Mama akaanza kucheka, nami nikacheka, na katikati ya kucheka akanishika mkono akasema nisijisumbue, bado anaukumbuka, ila siku nyingine akiamka inabidi atafute kwanza kichwani bega lilikuwa upande gani.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka Mombasa tena. Nilikuwa na shilingi mia mbili za kununua sufuria, hakuna nyingine. Fundi alikuwa ameinama kwenye kazi. Nikamwekea sarafu mbele yake na mchoro kando. Aliangalia kimoja, akaangalia kingine, akaelewa upesi kuliko kamati nzima. Hakukana.

"Herufi niligeuza," akasema. "Mlima nilidhani hausomwi. Nani ausome?"

"Mama yangu. Anausoma kwa kidole."

Akaniuliza mama ana miaka mingapi, nikamwambia hajui, lakini si michache. Akasema kuchonga chuma kipya cha mlima ni kazi ileile, iwe ya kugonga sarafu mia mbili au moja: mia na themanini juu ya zile mia tano na ishirini za kwanza, na hapo hajatia faida. Nilijua ni kweli, kwa sababu bei ya chuma nilikuwa nimeshaiuliza kwenye maduka mawili njiani. Hapo ndipo kwa kawaida mimi husimama nikaondoka ili niitwe. Miguu ilikataa. Nilihesabu zile mia mbili mezani, nikazihesabu tena, zikawa zilezile.

"Fundi," nikamwambia, "kushusha bei najua, leo sikuja kushusha. Hii ni pesa ya biashara yangu yote, na sarafu ni moja, na anayeingoja ni mzee. Wewe ni mtu mzima na mama ulikuwa naye. Nishauri, nifanyeje?"